Mguu Uliopakwa na Mikono Mingi

Katika majuma yale ya mwisho nyumba yetu ilinukia vizuri kuliko nyumba yoyote ya Lindi, mtaa wetu ndani ya Kibera. Nje kulikuwa na mtaro wa maji machafu, kuku wa jirani na moshi wa makaa, lakini ukisukuma pazia la mlango wetu ulipokewa na mkaratusi, karafuu na mchaichai, harufu safi inayofungua pua. Watu waliopita kichochoroni walipunguza mwendo. Jirani mmoja aliniambia, "Mzee, kwenu kunanukia kama hospitali ya matajiri." Nilicheka, nikamshukuru. Ndani, chini ya blanketi, mguu wa mke wangu ulikuwa unaoza.

Ninayaandika haya bila kumlaumu mtu. Waliompaka mafuta walimpenda, na yeye aliwapenda. Kama kungekuwa na mbaya mmoja katika habari hii, ningekuwa nimekwisha kumsamehe na kulala. Kwa kuwa hayupo, ninabaki na kumshukuru Mungu kwa miaka aliyotupa, na kuyakumbuka mambo kama yalivyokuwa.

Tulitoka mkoa wa Magharibi tukiwa vijana, mimi nikiwa na ufundi wa viti na yeye akiwa na mikono isiyojua kukaa bure. Mimi nilipata mahali pa kupigia randa kando ya barabara karibu na mtaa wa Ayany, yeye akafungua kibanda cha mboga. Ugonjwa wa sukari ulimpata watoto walipokwisha kuoa na kuolewa. Aliupokea kama alivyopokea kila kitu, kwa mzaha. Alipoambiwa asinywe chai yenye sukari alisema, "Sawa, nitainywa nikimwangalia baba watoto, yeye ndiye sukari iliyobaki." Lakini ugonjwa ule uliilaza miguu yake. Ungeweza kumkanyaga asigeuke.

Wakati wa mvua alivaa gambuti, kama wanawake wote wanaouza vitu pale kwenye tope. Jioni moja alivua ya kulia, na soksi ikatoka na damu iliyokauka. Nilitia mkono ndani ya kiatu nikatoa kifuniko cha chupa ya soda, kile cha bati chenye meno. Alikuwa amekikanyaga tangu asubuhi.

"Kwani hukusikia kitu?" nikamuuliza.

"Ningesikia si ningetoa? Hebu acha kuniangalia hivyo, baba. Ni kidonda tu. Wewe ungekuwa umeshaita mkutano wa wazee."

Alinunua rangi mbili kwenye duka la dawa, vile vidonge vya kuua viini, vya magamba ya rangi mbili, ambavyo mtaani kwetu huuzwa kwa kuhesabiwa kwenye kikaratasi. Alimeza vichache. Uvimbe ulipopungua, vilivyobaki akavifunga kwenye ncha ya leso, viwe akiba ya siku nyingine. Wengi wetu tumefanya hivyo, na uvimbe huwa unakwenda zake. Wa kwake ulirudi.

Hapa sharti nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa.

Katika kanisa letu, mgonjwa hutembelewa na akina mama wa maombi kila Alhamisi. Mitume walitufundisha kumpaka mgonjwa mafuta na kumwombea, nasi tumeshika hivyo. Lakini akina mama wetu waliongeza jambo lao. Kila mmoja huja na chupa yake ndogo, mafuta aliyoyaombea nyumbani kwake, naye huyamimina kwa mkono wake mwenyewe mahali panapouma. Hakuna anayeondoka bila kupaka. Kukataa mafuta ya mtu ni kukataa maombi yake. Na mgonjwa akiwa mwanamke, sisi wanaume, hata mume wake, hukaa nje tukiimba, na kitambaa cha kidonda hufungwa na kufunguliwa na wao peke yao. Desturi hii ilianza zamani, tulipokuwa wageni katika jiji hili, hatuna shangazi wala mama mkwe wa kumshika mgonjwa. Wakawa wanashikana wao kwa wao. Nimeona watu wakiinuka vitandani kwa kushikwa tu.

Siku zile mafuta yalikuwa ya kupikia, au ya mzeituni kwa mwenye uwezo. Hayakumdhuru mtu.

Kisha akaja mjane mmoja wa Kawangware, mtaa mwingine wa jiji. Naye ni mtu wa kanisa letu, tawi la kule, na alikuwa rafiki wa mke wangu kuliko dada wa tumbo moja. Alikuwa amefundishwa na kikundi cha wanawake kutumia mafuta yanayokamuliwa kwenye majani na maua: mkaratusi, karafuu, mchaichai, na yale ya mti wa chai, ambao si chai hii tunayokunywa. Chumba chake kilikuwa na rafu ya chupa za kahawia, naye alizijua kama mchungaji anavyowajua kondoo. Nilikwenda kumtengenezea benchi la kukalia wagonjwa, nikawaona kwa macho yangu: mwenye jino linalouma akitiwa pamba yenye karafuu na uso wake ukilegea palepale, watoto wenye mashilingi kichwani, yale mabaka ya mviringo yanayonyonyoa nywele, mabawabu ambao vidole vya miguu vimeliwa na ukungu kwa kuvaa buti mchana kutwa. Mimi mwenyewe vidole vyangu aliviponya. Siwezi kusimama leo nikasema mafuta yale ni ya uongo.

"Tone moja, kijiko cha mafuta ya nazi," alikuwa akisema. "Ukiweka kavukavu utajichoma, halafu uje ulie hapa kwangu."

Nilimuuliza kwa nini watu wasiende tu kununua vidonge.

"Vidonge gani, mzee? Hawa wadudu wamezoea rangi mbili vile sisi tumezoea ahadi za uchaguzi. Wanasikia, wanacheka, wanaendelea kula. Mkaratusi bado hawajauzoea."

Akina mama wa maombi walimpenda, na habari zake zikaenea kutoka Kawangware hadi kwetu Lindi na hadi mtaa wa jirani wa Soweto. Baada ya muda, katika zile chupa za Alhamisi hapakuwa tena na mafuta ya kupikia. Mmoja alinunua karafuu mjini, mwingine mchaichai, mwingine mti wa chai. Waliona ni jambo jema mara mbili, maombi na dawa ndani ya chupa moja. Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba mafuta ya maombi humiminwa na kila mtu kwa kadiri ya moyo wake, na dawa hupimwa.

Basi Alhamisi ya kwanza walikuja kwa mke wangu, nikatoka nje na wazee wenzangu, tukasimama kwenye kichochoro tukaimba. Ukuta wa mabati hausitiri sauti. Nilimsikia mke wangu kati ya ubeti na ubeti:

"Haki mnanipaka kama samaki wa kukaanga!"

"Tulia, wewe," mjane akamjibu. "Samaki haongei."

"Samaki hajapata marafiki kama nyinyi."

Wakacheka wote. Nami nje nikaimba kwa nguvu zaidi, kwa furaha.

Zilipita Alhamisi kadhaa. Mke wangu aliacha kwenda kibandani. Alikaa kitandani akichambua mboga za watu wengine, mguu umefungwa kitambaa cheupe, na nyumba ikinukia. Alisema mguu hauumi. Hilo lilikuwa kweli, haukuwa umeuma hata siku ile ya kifuniko.

Alhamisi moja nilisikia jambo jingine kupitia mabati. Mjane alisema, "Leo imetosha, jamani. Ngozi imekuwa nyekundu sana. Tumwombee tu."

Sauti nyingine, ya mama ambaye sitamtaja, ikasema, "Kwani ni chupa yako peke yake iliyo na Mungu? Sisi tumetembea na zetu kutoka mbali."

Mke wangu akasema, taratibu, "Mpake, dada zangu. Wote mpake."

Walipoondoka niliingia, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Mama, twende tukamwone daktari. Hata kesho."

"Nikienda hospitali sasa, Alhamisi watakuja wakute kitanda kitupu. Watasema nini? Kwamba maombi yao yalikuwa ya kunisindikiza?"

"Hawatasema kitu."

"Ndiyo. Watanyamaza. Hiyo ndiyo mbaya zaidi." Aliusogeza mguu kwa mikono miwili kama mtu anayesogeza mzigo. "Wewe nusa. Kuna kitu kibaya hapo?"

Niliinama nikanusa kitambaa. Karafuu, na kitu kama ndimu.

"Hakuna," nikasema.

"Basi. Tusiwe wepesi wa kuogopa."

Tulisali, tukalala. Nilimwomba Mungu anipe subira, naye alinipa.

Ilikuwa mchana wa jua kali alipoanza kutetemeka. Nilikuwa nimerudi kula. Nilimkuta amejikunyata, meno yanagongana, na ngozi yake moto kama sufuria. Aliniangalia akaniita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani, akaniuliza kama ng'ombe wamekwisha kurudi. Nikamwambia wamerudi. Kisha nikafanya jambo ambalo si la mwanaume katika desturi yetu, nikafungua kitambaa.

Sitaeleza nilichokiona. Vidole viwili vilikuwa na rangi ya makaa. Na hata hapo, hata kitambaa kikiwa wazi mkononi mwangu, harufu iliyonijia ilikuwa ya karafuu.

Gari haliingii Lindi. Nilikimbia kuita majirani, tukamketisha kwenye kiti nilichokuwa nimemaliza mbao zake na sijakitia kitambaa, tukambeba juu juu hadi barabarani kama malkia. Alipopata fahamu kidogo akasema, "Polepole, hiki kiti ni cha mteja."

Hospitalini alitupokea daktari mwanamke, kijana, mwenye macho yaliyochoka. Aliukagua mguu, akainama karibu, akarudi nyuma.

"Nani alipaka hii?"

Kabla sijafungua kinywa, mke wangu alisema, "Ni mimi. Nilijipaka mwenyewe."

Daktari akaniangalia. Mimi nikaangalia chini.

"Sikugombezi, mama," daktari akasema. "Haya mafuta yanaua viini juu ya ngozi, sikatai. Hata nyanya yangu mzaa mama anayatumia. Lakini viini vyako vimeingia hadi mfupani, na tone la juu halifiki huko. Halafu yakiwekwa makali hivi, bila kuchanganywa, yanachoma nyama iliyokuwa nzima, na nyama iliyochomeka ni chakula cha viini." Akafunika mguu. "Kidonda kikiharibika hujitangaza kwa harufu. Hiki kilizibwa mdomo."

Walimpa dawa ya mshipani. Ya kwanza haikufaa. Daktari alisema viini vile vimekwisha kuizoea, akabadilisha. Mguu ukakatwa chini ya goti. Mke wangu alipoamka alinyoosha mkono chini ya shuka, akapapasa, akafika mahali ambapo hapakuwa na kitu. Akauacha mkono wake hapo kwa muda mrefu.

"Usiwaambie," akasema.

"Nisiwaambie nini?"

"Alichosema daktari. Wakijua watafikiri waliniua, na mimi bado niko hapa ninakula uji. Sema ni sukari. Si ni sukari?"

"Na wakiniuliza?"

"Wewe ni mzee wa kanisa, kudanganya huwezi." Alitabasamu, na midomo yake ilikuwa imekauka. "Basi usiulizwe. Ukiwaona, tembea haraka."

Hakukaa sana baada ya hapo. Sumu ya kile kidonda ilikuwa imeingia kwenye damu. Alifariki asubuhi, nilipokuwa nimekwenda kusuuza kikombe chake kwenye bomba la wadi. Nilirudi na kikombe safi nikamkuta muuguzi amesimama kando ya kitanda na mikono yake imekunjwa. Nilisema, "Asante, Bwana," kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kuanza, na sikuweza kuendelea na maneno mengine.

Tulimzika nyumbani, Magharibi. Akina mama wa maombi walisafiri wote. Walilia kwa kelele na kwa upendo, na kila mmoja aliponishika mkono, kiganja chake kilinukia mafuta. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilirudi Kibera nikaendelea na randa yangu.

Kisha siku moja mjane wa Kawangware akaja pale ninapofanyia kazi. Alikaa kwenye gogo, akakataa chai.

"Bwana asifiwe, mzee."

"Asifiwe sana, dada."

Alitazama maranda ya mbao miguuni pake. "Kule kwetu kuna mama mwenye sukari. Ana kidonda kwenye kisigino. Leo ni Alhamisi, wenzangu wameshaanza kwenda kwake na chupa zao. Mimi nimeshindwa kuingia. Nimefika mlangoni nikageuka, nikaja moja kwa moja mpaka hapa." Akainua macho. "Daktari alisema nini kuhusu ule mguu?"

Nilikuwa na randa mkononi. Nilimkumbuka mke wangu akiniambia nitembee haraka, na sikuwa na mahali pa kwenda. Kama swali lingekuwa la yaliyopita tu, nadhani ningepata namna ya kunyamaza. Lakini kule Kawangware kulikuwa na mguu ambao bado ulikuwa mwilini mwa mtu.

Nikamwambia yote, kama daktari alivyosema, bila kuongeza wala kupunguza. Hata ile sehemu ya mkaratusi kuua viini vya juu ya ngozi nilimwambia, maana ilikuwa haki yake.

Hakulia. Aliuliza, "Alituficha?"

"Alisema alijipaka mwenyewe."

"Na siku ile nilipowakataza, yeye ndiye alisema tupake."

"Ndiyo."

"Angetutukana," akasema. "Heri angetutukana, atufukuze na vichupa vyetu. Tungekasirika mwaka mzima, na yeye angekuwa anatucheka kutoka kibandani." Akasimama, akakung'uta maranda kwenye sketi. "Twende, mzee. Peke yangu sitaweza."

Tulipofika Kawangware wanaume walikuwa wamekwisha kusimama nje ya mlango, wimbo umefika katikati. Mjane aliingia moja kwa moja, na mimi, kwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote ya kanisa hilo, nikaingia nyuma yake. Akina mama waligeuka. Mgonjwa alikuwa amekaa kwenye godoro, mama mnene mwenye uso mpole, mguu wake umewekwa juu ya mto, kitambaa kimefunguliwa. Mmoja alikuwa ameshika chupa tayari, amekwisha kufungua kifuniko.

"Msimimine," mjane akasema.

"Kuna nini?"

Mjane akasimama kati yao na mgonjwa. Akasema, "Mwenzetu wa Lindi. Haya mafuta yetu yalimchoma, na yakatuficha harufu, tukamwombea huku anaoza. Nimetoka kusikia sasa hivi."

Walinitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

Mama mmoja akakaa sakafuni palepale alipokuwa. Yule aliyeshika chupa akawa anatafuta kifuniko chake na hakioni, akaifunika kwa kidole gumba, akabaki amesimama hivyo. Nje wanaume waliendelea kuimba, maana hawakujua.

Mgonjwa alitutazama mmoja mmoja. "Basi hamtaniombea?" akauliza.

Akina mama hawa nimewajua miaka mingi, wanaweza kuomba hadi jogoo awike, na siku ile hawakujua waanzie wapi bila kitu mkononi. Mjane ndiye aliyepiga magoti, akapitisha mkono mmoja mgongoni kwa mgonjwa na mwingine chini ya mapaja.

"Tutakuombea njiani," akasema. "Tunakupeleka hospitali. Mzee, waambie hao wanaume waache kuimba, waje wabebe."

Nikatoka nikawaambia. Walikatiza ubeti, wakaja. Tulimtoa polepole, mlango ukiwa mwembamba na yeye akiwa mzito, na nikajikuta ninatembea ubavuni pake, nimeshika ncha ya shuka tuliyombebea. Aliogopa sana. Akaniuliza kwa sauti ndogo, ili wengine wasisikie, kama mke wangu aliumia.

"Hakusikia kitu," nikamwambia.

"Wangu pia hauumi," akasema. Akalia, na mimi nikamshika mkono hadi barabarani.